Mazingaombwe ya Begi Moja: Vifaa Vinavyofaa Safarini na Vya Kuacha Nyumbani

Kifaa cha mazingaombwe kikiwa dukani hujinadi kwa kile watu watakachokiona mchezo ukifika kileleni. Msafiri anapaswa kukipima kwa dakika inayofuata. Makofi yakishapigwa, je, kiko tayari kwa watu wa meza ya pili, au kinataka chumba, kioo na dakika kumi za kukipanga upya? Mtazamaji akinyoosha mkono na kusema "hebu nione", utampa, au utakichomeka mfukoni huku ukibabaika? Na kikipotea ugenini, kitapatikana kingine kabla ya jioni? Kwa maswali hayo tumepitia vifaa ambavyo wasafiri hununua sana, na baadhi ya vinavyosifiwa mno vimeanguka vibaya.

Karata kwanza, maana hazina mpinzani. Bicycle Rider Back za karatasi, zenye mgongo mwekundu au wa buluu, zinastahili nafasi ya kwanza begini, na sababu yake si uzuri. Karata nyingi za hila huchapishwa kwa mgongo huohuo, kwa hiyo moja ikiingia kati ya 52 za kawaida hakuna anayeitambua. Zile zenye nakshi za dhahabu hupendeza kwenye picha, lakini mgeni akiziona mkononi mwako anaanza kuzishuku hata kabla hujazichanga. Chukua saizi ya poka, yaani upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Ile nyembamba ya milimita 57 huwafaa wenye viganja vidogo, ila karata za hila za saizi hiyo ni adimu.

Udhaifu wake ni unyevu. Hewa ndani ya ndege ni kavu, mara nyingi unyevu wake haufiki hata asilimia 20. Ukishuka mahali penye joto la pwani, karatasi inaanza kunywa maji ya hewani. Karata hupinda kama vigae, pakiti hunenepa hadi boksi likakataa kufunga, na ukizitandaza zinatoka kwa mafungu badala ya moja moja. Ndipo mtu anapoinua tatu akidhani ameinua mbili, na mchezo unaharibika mbele ya macho ya watu. Kinga ni rahisi: beba pakiti mbili, na ile mpya usiivue nailoni mpaka ufike. Iliyokwisha kupinda igawe mafungu matatu, kila fungu likunje taratibu kinyume cha mpindo wake na ulishikilie sekunde chache, kisha yakusanye na uyalaze usiku kucha chini ya kitu kizito kilicho bapa. Kuzianika juani au kuzipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele ni kuzimaliza kabisa, kwa sababu upande mmoja hukauka kabla ya mwenzake na mpindo unazidi.

Wengine hukimbilia karata za plastiki tupu, kama za Copag, ili waepuke tabu hiyo. Ni kweli haziogopi meza yenye maji, na uchafu wake hufutwa kwa kitambaa kibichi. Lakini wino wa makapeni haukai sawasawa juu ya plastiki. Mtazamaji anasaini karata yake, kidole kinapita juu yake, sahihi inafutika, na ushahidi pekee wa kwamba karata ni ileile umeondoka. Haziraruki pia, kwa hiyo michezo yote ya kuchana na kuunga inabaki nyumbani. Zinamfaa anayefanya ufukweni au kando ya bwawa la kuogelea. Kwa wengine wote, karatasi.

Kibanio cha chuma, kile ambacho wenye kazi hii hukiita Porper clip, kinazuia kupinda kuliko boksi lolote. Kasoro yake inajitokeza uwanja wa ndege: kwenye eksirei pakiti inaonekana kama kipande kizima cha chuma kisichoonyesha kilichomo, na begi linafunguliwa. Kiweke juu kabisa ya begi, au karata zisafiri nje ya kibanio na ukirudishe ukishavuka ukaguzi. Rababendi kuzungushwa kwenye pakiti si mbadala wake. Inang'ata kingo, na karata yenye ukingo uliong'atwa inajitangaza yenyewe kila ikipita juu.

Kuhusu pakiti za hila, ziko tatu ambazo kila duka litakupa, na hazifanani kabisa kwa faida. Stripper ndiyo tunayoipendekeza kwa safari. Ina karata 52 tofauti, inachangwa na kukatwa kama nyingine yoyote, na ncha moja ya kila karata imepunjwa upana kidogo mno, kiasi kwamba karata ikigeuzwa jicho halioni bali kidole kinahisi. Mtazamaji akiishika sekunde kumi hakuna atakalogundua. Ikipoteza hila yake, bado una pakiti kamili ya kufanyia michezo mingine yote. Kosa la kawaida ni kugeuza fungu moja bila kukusudia wakati wa kukusanya karata kutoka mezani. Kabla ya kuanza, pitisha vidole kwenye kingo mbili ndefu na uhakikishe zote ni laini.

Svengali, ambayo nusu ya karata zake ni karata moja ileile, kinyume chake inang'ara dakika moja kisha inakuwa mzigo. Mchezo wake ni mmoja, haiwezi kuachwa mezani, na watu wengi wamekwisha kuiona ikiuzwa minadani. Iache.

Invisible Deck iko katikati. Nguvu yake haina kifani: mtu anataja karata yoyote aliyoifikiria, unatandaza pakiti iliyokuwa mfukoni muda wote, na karata hiyo peke yake imelala kinyume cha nyingine. Inarudi tayari ndani ya sekunde tano. Ila karata zake zimepakwa dawa ya mkwaruzo inayozifanya zishikane mbili mbili, na dawa hiyo inachoka, hasa kwenye hewa nzito yenye unyevu. Ijaribu kila asubuhi: tandaza nusu ya pakiti polepole kwa mkandamizo uleule unaoutumia mbele ya watu. Zikianza kuachana zenyewe, usiende nayo. Mkandamizo mkubwa haufichi tatizo, unachelewesha tu aibu. Dawa ya kupaka upya huuzwa kwenye makopo ya kupuliza, nayo kwa kuwa inawaka moto haina ruhusa ya kusafiri kwa ndege. Ni heri kubeba pakiti ya pili iliyo mpya.

Kuna jambo jingine kuhusu Invisible Deck ambalo wauzaji hawaligusi. Mtazamaji lazima ataje karata. Hispania na Italia wana karata za kienyeji zenye vikombe, sarafu, panga na marungu; sehemu za Ujerumani zina kengele, majani na njugu za mwaloni. Mtu aliyezoea hizo hajui shupaza ni nini kwa lugha yoyote. Chapisha karatasi moja yenye picha za karata zote 52 katika safu nne, saizi ya kukunjika mfukoni, na umwombe aguse moja. Mchezo unaenda bila neno hata moja.

Hapo ndipo vimpira vya sponji vinapozipita karata zote. Havina lugha. Mtu anafunga kiganja akiwa na uhakika ameshika kimoja, anafungua viwili vinachomoka, na anacheka kwa lugha yake mwenyewe. Vya Goshman ndivyo kipimo cha kulinganishia vingine: sponji yake ni laini, inabanika ikawa ndogo sana na inarudi umbo bila kusitasita. Vya bei rahisi vina matundu makubwa na ugumu ambao mtazamaji anauhisi mkononi, kisha anaanza kuhesabu. Nunua vinne vyekundu. Kipenyo cha sentimita 3.8 kinatosha kwa watu walio karibu na kinafichika kwenye kiganja cha wastani. Cha sentimita 5 ni kwa kundi lililosimama, na kinataka mkono mpana.

Visivyofaa ni vile vilivyofungwa kwa kubanwa. Ukivisukumiza chini ya viatu begini kwa wiki mbili vinatoka na ubapa usioisha, na kimpira chenye upande bapa kinakaa vibaya kwenye vidole. Vipe kifuko chao chepesi cha kitambaa. Jua nalo ni adui: sponji hiyo ikianikwa huanza kugeuka njano na kumomonyoka unga. Vikichafuka, viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, vibonyeze kwa kiganja mara kadhaa, vioshe kwa maji safi na uviache kivulini siku nzima. Usivikamue kwa kuvisokota, vinachanika kwa ndani. Na usivitumie vikiwa na unyevu, maana sponji yenye maji hufunguka polepole, na ule mruko wa ghafla ndio mchezo wenyewe. Mtoto mdogo wa chini ya miaka mitatu asipewe kushika. Mdomo wake uko karibu kuliko mkono wako.

Kidole gumba bandia ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko ukubwa wake. Kinaingia kwenye mfuko wa shati na kinatosha kupoteza kitambaa, chumvi, noti iliyokunjwa au kipande cha uzi. Vernet ya Argentina imejenga jina kwa hicho, na plastiki yake ni laini vya kutosha kukaa bila kubana. Chagua kinacholegea kidogo: gumba likiwa ndani, kibaki na nafasi mbele ya ncha ya kidole kwa ajili ya mzigo. Kitambaa cha hariri kiwe cha inchi 9, yaani kama sentimita 23 kila upande. Cha inchi 12 kinaingia kwa kulazimishwa, kisha kona yake inachungulia.

Rangi ndiyo inayowasumbua wengi wetu. Vingi vilivyoko sokoni ni vya waridi iliyopauka, na wauzaji husema rangi haina maana kwa kuwa hakuna anayekitazama. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kidole kikielekezwa moja kwa moja kwa mtazamaji na mkono ukiwa kwenye mwendo, jicho halikioni. Lakini mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kidole cha waridi hana nafasi ya kuteleza hata kidogo. Pembe ikikosewa kwa nusu sekunde, kila kitu kiko wazi. Vya kahawia vipo, viulizie kwa jina la rangi kabla ya kulipa. Anayeamua kupaka mwenyewe aepuke rangi ya kawaida ya ukutani au ya kuchorea, kwa sababu plastiki inanyumbulika na rangi hiyo inabanduka magamba. Rangi ya kupaka vitu vya ngozi kama viatu, au vya plastiki ya vinili, ikipakwa tabaka nyembamba nyembamba na kuachwa ikauke kati ya moja na nyingine, hudumu zaidi. Kijaribu mbele ya dirisha mchana, kisha chini ya taa ya njano, kwa kuwa rangi iliyolingana asubuhi inaweza kukusaliti usiku.

Joto lina kasoro yake hapa pia. Jasho likijaa ndani, hewa inazibwa na kidole kinatoka kwa mlio mdogo unaosikika mezani. Tundu moja la sindano karibu na ncha linaondoa mlio huo, ila usilitoboe kama unatumia kidole hicho kwa vimiminika.

Ndugu yake wa umeme, D'Lite ya Rocco, ile taa nyekundu inayochukuliwa hewani na kupitishwa mkono hadi mkono, inapendeza sana gizani na kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Juani haionekani. Inawashwa kwa kubanwa, na begi lililojaa linabana vizuri tu. Unafika betri zimekwisha. Isafirishe ndani ya kikasha kigumu cha miwani. Betri za ziada, ikiwa ni za lithiamu, ziende kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mizigo ya chini, na kila moja ifunikwe selotepu ili ncha zake zisigusane na chuma.

Kamba haziuzwi kama kifaa cha ajabu, lakini mchezo wa kamba tatu zisizolingana zinazogeuka kuwa sawa unashinda vingi vilivyotajwa hapo juu, na unaonekana hadi safu ya mwisho. Usilipie seti ya dukani. Nunua mita mbili na nusu za kamba ya pamba, laini, unene wa milimita 8 hadi 10, isiyo na kiini. Ikiwa na kiini, kichomoe chote kwa kukivuta polepole huku ukisukuma ganda nyuma. Kisha kata kwa kanuni hii: fupi na ndefu zikijumlishwa ziwe mara mbili ya ile ya kati. Sentimita 25, 65 na 105 zinafanya kazi vizuri. Ongeza sentimita 2 kwenye ndefu, kwani mkunjo unaofichwa ndani ya ngumi hula urefu. Ukikosa nyongeza hiyo, moja kati ya tatu "zilizolingana" itabaki fupi kidogo, na watu wa mbele wataiona. Ncha zitumbukize kwenye gundi nyeupe na uziache zikauke, la sivyo zitafumuka baada ya maonyesho machache. Kamba ya nailoni haifai: inateleza, na ncha zake zikichomwa zinakuwa gumu kama ukucha mkononi.

Faida ya seti hiyo ni kwamba haihitaji mkasi mbele ya watu. Mkasi safarini ni maudhi. Marekani huruhusu kabinini mkasi ambao ncha zake hazizidi inchi 4 kutoka kwenye skrubu, Umoja wa Ulaya hukomea sentimita 6, na afisa aliye mbele yako ana neno la mwisho popote pale. Michezo ya kukata na kuunga kamba yenye mkasi iwekwe kwenye mzigo wa chini, au iachwe.

Rababendi zinastahili sentensi chache tu. Zile za namba 19, urefu wa milimita 89 na upana wa milimita 1.6, ndizo michezo mingi ya mkononi imejengwa juu yake. Joto huzikausha, zivute mara mbili kabla ya kuanza na utupe yenye mipasuko midogo, maana ikikatika inapiga jicho.

Sarafu ni tamu kwa mwenye mikono iliyozoea. Nusu dola ya Kennedy ya Marekani, kipenyo cha milimita 30.6 na uzito wa gramu 11.34, inashikika vizuri kiganjani, na nne hazifiki gramu 50. Hata hivyo sarafu ya kuazima kwa mtazamaji hupigiwa makofi zaidi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuishuku. Kijisanduku cha Okito, yaani kikopo kidogo cha sarafu kilichobuniwa na Theo Bamberg aliyejulikana jukwaani kwa jina hilo, hakina sumaku wala betri, kinajirudia papo hapo na kinakaa mfuko wa suruali. Kwa mtu anayetaka kitu kimoja tu cha chuma, tungempa hicho. Sarafu za ganda, yaani zilizochimbwa ndani ili zifunike nyingine, ni ghali na ukizikalia zinapinda. Zisichanganywe na chenji, kuna siku utalipia nauli kwa moja.

Pete na kalamu za sumaku kali zina madhara ambayo hayajulikani mpaka usiku. Ukiziweka mfuko mmoja na kadi ya kufungulia mlango wa hoteli, kadi yenye utepe wa sumaku hufutika, na utasimama mapokezi saa sita ukieleza. Mfuko wa kushoto sumaku, wa kulia kadi, bila kubadilishana.

Vikombe na mipira ni mchezo mkongwe. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, alikwisha kuvitaja vikombe na kokoto za wachezaji. Seti ya shaba ni nzuri, inapendeza ikigongwa mezani, na inakula nafasi ya nguo za siku mbili. Chop cup, yaani kikombe kimoja na kimpira kinachotii, inabeba nguvu ileile kwa theluthi ya nafasi. Isiangushwe, kwa sababu sumaku iliyomo ndani ikilegea italia kama kijiwe kila ukiinua.

Vya kuacha kabisa: karatasi za mwako, zile zinazolipuka moto na kutoweka mara moja, ambazo ni selulosi iliyotiwa naitreti na haziruhusiwi kabinini wala kwenye mizigo ya chini, pochi za moto pamoja na mafuta yake, viwembe na sindano, bastola na pingu za kuchezea, na kile kikata-kidole cha mzaha ambacho kwenye eksirei ni kisu tu. Masanduku ya "michezo 100" nayo ni hasara ya nafasi, zaidi ya nusu ni plastiki na hewa. Karata tatu, hata kama unazifanya kwa uzuri, usizitandaze barabarani. Watu wamezoea kuziona mikononi mwa matapeli, na utahesabiwa mmoja wao.

Vilivyobaki vinaenea kwenye mfuko mmoja unaopitisha mwanga: stripper na pakiti ya kawaida ya rangi ileile, vimpira vinne, kidole na kitambaa chake, kamba tatu, rababendi sita, kijisanduku cha Okito. Viende kabinini, kwani mzigo wa chini unaweza kuchelewa kuliko onyesho lako. Afisa akiuliza, mwambie ni vifaa vya mazingaombwe na umwache aguse anachotaka. Usimfanyie mchezo, foleni iko nyuma yako. Makapeni isafiri ikiwa imesimama, ncha juu, ndani ya kifuko chake yenyewe, na usiifungue hadi ndege itue, kwa kuwa shinikizo likibadilika angani wino hupata njia ya kutoka.